Figo, homoni na mishipa miwili: nani anaamua damu ichujwe kiasi gani?

Muuguzi wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Miezi mitatu iliyopita mama yangu alilazwa. Ana miaka 68, na presha yake imetulia miaka mingi kwa vidonge viwili: enalaprili, pamoja na kile cha kupunguza maji mwilini. Akashikwa na tumbo la kuharisha. Siku ya pili magoti yakaanza kumsumbua, akaenda kununua dawa ya maumivu, akapewa diklofenaki bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Siku ya nne akanipigia simu: "Mwanangu, tangu jana sijapata haja ndogo." Kreatinini yake (taka ya misuli ambayo figo huitoa; ikipanda kwenye damu, uchujaji umeshuka), ambayo siku zote ilikuwa mikromoli 80 na kitu kwa lita, ilikuwa imefika 312.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya figo. Nilijua kilichotokea kabla karatasi ya maabara haijanifikia mkononi. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kukaa na mama nikamweleza, na najua wengi humu mna wazazi wanaomeza dawa hizo hizo. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote, taratibu, kuanzia kwenye chujio lenyewe. Mwenye swali aulize, nitarudi kujibu.

Figo mbili kwa pamoja zina uzito wa takriban gramu 300. Hazifiki hata asilimia moja ya uzito wa mwili. Hata hivyo, mtu akiwa amepumzika, karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo inaelekea huko, lita moja na ushee kila dakika. Figo hazihitaji damu yote hiyo kwa ajili ya kujilisha. Inapelekwa kuchujwa. Kila figo ina nefroni zinazokadiriwa kufika milioni moja, yaani vitengo vidogo vyenye chujio na mrija unaorudisha maji na chumvi kwenye damu, na mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha kapilari, mishipa myembamba kabisa, kiitwacho glomeruli. Hicho ndicho chujio.

Sasa hapa naomba tuwe pamoja, maana mengine yote yanategemea jambo hili. Karibu kila mahali mwilini kapilari zina ateri ndogo upande mmoja na vena upande wa pili. Glomeruli ina ateri ndogo pande zote mbili. Damu inaingia kwa mshipa mmoja, nitauita mshipa wa kuingizia, inazunguka kwenye kifundo, halafu inatoka kwa mwingine, mshipa wa kutolea. Na yote miwili imezungushiwa misuli, kwa hiyo kila mmoja unaweza kujikaza au kujilegeza kivyake.

Chukua mpira wa maji, utoboe vitundu vidogo katikati, fungulia bomba. Maji mengi yanapita moja kwa moja, kidogo yanaruka kupitia vitundu. Minya mpira kabla ya vitundu: maji yanayoruka yanapungua, na yanayofika mwisho yanapungua pia. Achia. Sasa minya baada ya vitundu. Mwisho wa mpira maji yanapungua kama mwanzo, lakini pale kwenye vitundu yanaruka juu zaidi. Umeminya mpira ule ule, kwa mkono ule ule, na matokeo ya vitundu yamekuwa kinyume kabisa.

Homoni za figo zinafanya hivyo tu. Ukisikia homoni fulani inapunguza damu ya figo, hujajua bado kama inapunguza uchujaji au inauongeza. Uliza kwanza imeminya wapi.

Na nguvu inayosukuma maji kutoka kwenye damu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vya fiziolojia vinakadiria shinikizo ndani ya glomeruli kuwa milimita 60 hivi za zebaki. Kuna milimita 18 zinazosukuma kinyume kutoka kwenye kikombe kinachopokea maji, na protini za damu zinavuta maji yabaki ndani kwa nguvu ya takriban 32. Toa zote mbili, unabaki na 10. Kwa hizo 10 tu figo zinachuja mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku. Plazma yote ya mtu, yaani majimaji ya damu bila seli zake, ni lita tatu tu, kwa hiyo inapita kwenye chujio mara 60 kila siku. Ukigusa kidogo mshipa wa kuingizia, hizo 10 zinayeyuka mara moja.

Nakuja na homoni zenyewe.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, nimekaa. Mimi nilisoma haya chuoni nikayakariri nikafaulu mtihani, lakini mfano wa mpira sijawahi kuupata popote. Pole kwa mama.

Msomaji Mtulivu

Pole sana ndugu. Swali la haraka kabla hujaendelea: presha ya mtu inapanda na kushuka siku nzima, akilala, akikimbia, akikasirika. Kama nguvu ya kuchuja ni 10 tu, mbona mkojo hauji kwa mafuriko tukikimbia?

Muuguzi wa Zamu

@Msomaji Mtulivu swali zuri, na jibu lake linatuingiza kwenye mada.

Figo ina ulinzi wake wa ndani hata kabla ya homoni kuitwa. Presha ya ateri ikiwa popote kati ya 80 hivi na 180, damu inayoingia na kasi ya uchujaji hubadilika kidogo sana. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni misuli ya mshipa wa kuingizia yenyewe: ikivutwa na presha kubwa inajikaza, presha ikishuka inalegea. Hilo linatokea ndani ya sekunde.

Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Mrija wa nefroni, baada ya kushuka chini na kupanda tena, unarudi kugusa glomeruli ile ile ulikotoka. Mahali pa mguso kuna seli chache zilizosongamana, zinaitwa makula densa, na kazi yake ni kuonja chumvi ya maji yanayopita. Chumvi ikiwa nyingi, maana yake maji yamechujwa kwa kasi mno na mrija haujapata muda wa kuirudisha. Seli zinatoa ujumbe, adenosini ikiwa mojawapo, na mshipa wa kuingizia unajikaza. Chumvi ikipungua, mshipa unalegezwa. Fikiria: kila nefroni, kati ya hizo milioni, inajipima yenyewe.

Ila chumvi ikipungua seli hizo hufanya na jambo la pili. Zinawaambia majirani zao, seli zilizo kwenye ukuta wa mshipa wa kuingizia, watoe renini.

Renini ndiyo ya kwanza kugunduliwa katika habari hii yote. Mwaka 1898, jijini Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachukua majimaji yake, wakawadunga sungura wengine. Presha ikapanda. Wakaipa jina, wakaandika, na watu wakaisahau kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Harry Goldblatt nchini Marekani alipowabana mbwa ateri za figo mwaka 1934 na kuona presha yao inapanda na kubaki juu. Ndipo dunia ikaanza kukubali kwamba figo inaweza kuamuru presha ya mwili mzima.

Renini hutolewa kwa sababu tatu: mshipa wa kuingizia kuhisi haujajaa vizuri, makula densa kuonja chumvi kidogo, na neva za simpathetiki, zile za kuuandaa mwili kwa dharura, kuchochea moja kwa moja. Mama yangu siku ile ya tatu alikuwa na zote tatu. Maji yametoka kwa kuharisha, damu imepungua ujazo, mwili umepiga kengele.

Renini yenyewe haikazi mshipa wowote. Ni kimeng'enya. Inakata protini inayotengenezwa na ini, angiotensinojeni, inapatikana angiotensini ya kwanza ambayo haina nguvu. Hiyo ikipita kwenye mishipa, hasa ya mapafu, inakatwa tena na kimeng'enya kingine na kuwa angiotensini ya pili. Hiyo sasa ni moto.

Angiotensini ya pili inakaza mishipa ya mwili mzima, lakini ndani ya figo inaelemea zaidi mshipa wa kutolea. Rudi kwenye mpira: umeminya baada ya vitundu. Damu inayopita kwenye figo inapungua, ila shinikizo ndani ya glomeruli linashikiliwa, na uchujaji hauanguki. Kwa kawaida figo huchuja sehemu moja ya tano ya plazma inayopita. Angiotensini ikishika kazi, sehemu hiyo inaongezeka: damu kidogo, lakini kila tone linakamuliwa zaidi.

Na angalia matokeo yake mbele ya mshipa huo. Damu iliyovuka ina presha ndogo, na protini zake zimekolea kwa sababu maji mengi yametolewa. Damu ya namna hiyo, inapozunguka mirija ya nefroni, inanyonya maji na chumvi kwa nguvu. Kwa kukaza mshipa mmoja mwili umelinda uchujaji na papo hapo umerudisha maji. Nimeyafanyia kazi mambo haya miaka 11 na bado nikifika hapa nasimama kidogo.

Mwanabaiolojia

Mleta uzi, naomba nikuwekee pingamizi dogo. Unasema kukaza mshipa wa kutolea kunaongeza uchujaji. Hiyo ni kweli mpaka mahali fulani tu. Ukikazwa kupita kiasi, uchujaji unashuka.

Na wengine watauliza kuhusu aldosteroni, maana kila mtu huitaja pamoja na hizi.

Muuguzi wa Zamu

@Mwanabaiolojia ni kweli, na nashukuru umesema. Damu ikikaa muda mrefu kwenye kifundo na kukamuliwa sana, protini zilizobaki zinakolea mno. Ile nguvu ya 32 inayovuta maji yabaki ndani inapanda, hadi inaimeza faida yote ya shinikizo. Kwa hiyo mshipa wa kutolea ukikazwa kidogo au wastani, uchujaji unapanda au unashikiliwa. Ukikazwa kupindukia, unaanguka. Angiotensini ni mkopo. Inafaa kwa siku mbili tatu za shida.

Aldosteroni nimeiacha kwa makusudi. Inatoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, angiotensini ndiyo inayoiita, lakini kazi yake kubwa iko mwishoni mwa mrija: irudishe sodiamu, itoe potasiamu. Kwenye mishipa miwili ya glomeruli inafika kwa njia ya mzunguko tu, kupitia ujazo wa damu.

Bi Tulizo

Mwanangu, mimi ni mkunga, nimestaafu. Nisaidie hapa. Miaka yangu ya kazi tulifundishwa kwamba kreatinini ya mjamzito inashuka, na ikiwa ya kawaida kama ya mtu asiye mjamzito tushtuke. Tulifuata bila kuelewa. Hilo nalo ni habari ya mishipa miwili?

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo Bi Tulizo. Ndiyo, ni habari hiyo hiyo.

Katika ujauzito mishipa ya mwili inalegea, na figo ni miongoni mwa za kwanza kuhisi. Kuna homoni iitwayo relaksini, inachangia kulegeza mishipa ya figo, mshipa wa kuingizia na wa kutolea. Yote ikilegea pamoja, damu inayopita inaongezeka sana, na kasi ya uchujaji inapanda kwa takriban nusu ya ile ya kawaida. Kreatinini inasombwa haraka, kiwango chake kwenye damu kinashuka. Kwa hiyo mjamzito mwenye kreatinini ya 90 anaweza kuwa na figo zinazochechemea, ingawa karatasi ya maabara inaandika kwamba yuko ndani ya kiwango. Mlifundishwa vizuri.

Mzee wa Maabara

Naongezea kwenye kreatinini kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wengi wanaiamini kupita inavyostahili. Uchujaji unaweza kupungua hadi karibu nusu, na kreatinini ikabaki ndani ya kiwango cha kawaida, hasa kwa mtu mwembamba au mzee mwenye misuli kidogo. Halafu inachelewa. Figo ikigoma leo asubuhi, kreatinini itachukua siku moja au mbili kuonyesha ukubwa wa tatizo. Namba ya leo ni habari ya jana.

Ndiyo maana neno la huyo mama, kwamba tangu jana hajapata haja ndogo, lilikuwa kipimo kabla ya kipimo. Mtu akisema hivyo asipuuzwe.

Muuguzi wa Zamu

Asante mzee. Nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara mbili.

Sasa niende upande wa pili wa mizani, maana mpaka hapa nimeongelea wanaokaza. Mwili ungekuwa na wakazaji peke yao figo zingekufa kwenye homa ya kwanza tu.

Mtu akipoteza maji au damu, pamoja na angiotensini huja noradrenalini kutoka kwenye neva na adrenalini kutoka kwenye tezi. Hizi zinakaza mishipa yote, wa kuingizia ukiwemo. Kuna endotelini pia, iliyogunduliwa Japani mwaka 1988, inayotolewa na utando wa ndani wa mshipa wenyewe, na ni miongoni mwa vitu vinavyokaza mshipa kwa nguvu kubwa kabisa tunavyovijua mwilini. Na angiotensini nayo, pamoja na kuelemea mshipa wa kutolea, ina mkono wake pia kwenye wa kuingizia. Wote hao wakiachiwa, wanaminya mpira kabla ya vitundu, zile 10 zinaisha, mkojo unakata.

Anayewazuia ni prostaglandini.

Hizi hazisafiri mbali kama homoni nyingine. Zinatengenezwa pale pale ndani ya figo, zinafanya kazi hapo hapo, zinavunjwa. Mtu mwenye maji ya kutosha mwilini karibu hazihitaji. Ukizizuia hutaona tofauti kubwa. Lakini mtu akikaukiwa, figo huzitengeneza kwa wingi, na zinasimama kwenye mshipa wa kuingizia kuushikilia wazi wakati kila kitu kingine kinaukaza. Nitriki oksaidi nayo husaidia hapo. Ni gesi, ndiyo iliyowapatia Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba gesi inaweza kubeba ujumbe kwenye mishipa. Lakini mlinzi mkuu wa mshipa huu siku ya shida ni prostaglandini.

Na dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zinaondoa maumivu kwa njia gani? Kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Goti linapoa kwa sababu hazipo. Figo inakosa mlinzi wake kwa sababu hiyo hiyo. Kidonge hakijui kutofautisha goti na figo.

Sasa muweke mama yangu mezani mumtazame.

Kuharisha, pamoja na kidonge cha kupunguza maji ambacho aliendelea kukimeza kwa uaminifu kila siku, vimemkausha. Damu inayofika figo imepungua. Diklofenaki imeondoa prostaglandini, mshipa wa kuingizia umejikaza. Imebaki kinga moja: angiotensini ikaze mshipa wa kutolea ili shinikizo la ndani lisianguke. Lakini enalaprili inazuia kile kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini ya pili. Mshipa wa kutolea umelegea, upo wazi. Maji kidogo yanaingia, na hayo kidogo yanapita bila kuzuiwa popote. Kwenye vitundu haliruki hata tone.

Kila dawa kati ya hizo tatu ilikuwa na sababu. Hakuna iliyokuwa na sumu wala iliyopitwa na muda. Zilikutana siku mbaya.

Kalamu Nyekundu

Hapa umenigusa. Baba yangu anatumia losatani na kidonge cha maji, na dawa za maumivu ziko kwenye droo ya kitanda chake sasa hivi. Losatani nayo ni hivyo hivyo?

Muuguzi wa Zamu

@Kalamu Nyekundu ndiyo. Losatani haizuii angiotensini isitengenezwe, inaziba mahali inapotaka kushika. Kwa mshipa wa kutolea matokeo ni yale yale: unalegea.

Ila tafadhali, nisieleweke vibaya. USIMWACHISHE baba dawa ya presha kwa sababu ya uzi huu. Presha ya juu isiyotibiwa inaharibu glomeruli pole pole kila siku. Fanya mambo mawili. Moja, zile za maumivu kwenye droo, muulize daktari au mfamasia wake mbadala, kwa kuwa zipo za maumivu zisizogusa prostaglandini za figo kwa namna hii, parasetamo ikiwa mojawapo kwa dozi sahihi. Mbili, akipata kuharisha, kutapika au homa kali na hawezi kunywa vizuri, apigiwe daktari wake SIKU HIYO HIYO kuulizwa kama losatani na kidonge cha maji visimamishwe kwa siku chache mpaka ale na kunywa kawaida. Hospitali nyingi zina utaratibu huo wa siku za ugonjwa, lakini mgonjwa asipoambiwa mapema hawezi kuujua.

Msomaji Mtulivu

Kwa maelezo haya, basi mshipa wa kutolea kulegezwa ni hatari. Kwa nini wagonjwa wa kisukari wanapewa enalaprili hata presha yao ikiwa si kubwa, na tunaambiwa inalinda figo? Naona mgongano.

Mwanabaiolojia

Naomba nijibu hili.

Kwa mgonjwa wa kisukari tatizo la mwanzo huwa kinyume. Sukari inapochujwa kwa wingi, mrija unairudisha mapema ukiiambatanisha na sodiamu. Kwa hiyo maji yanayofika kwenye makula densa yana chumvi kidogo. Seli zile zinadhani uchujaji umepungua, zinalegeza mshipa wa kuingizia. Damu inaingia kwa kishindo, shinikizo ndani ya glomeruli linapanda, figo inachuja kuliko kawaida. Kwa miaka ya mwanzo majibu ya maabara yanaweza kuonekana mazuri kuliko ya mtu mzima wa afya. Kumbe kifundo kinapasuka polepole, protini zinaanza kuvuja.

Ukilegeza mshipa wa kutolea, shinikizo hilo linapungua. Unapoteza uchujaji kidogo leo, unaokoa miaka mingi mbele. Na dawa mpya za kisukari zinazozuia mrija kurudisha sukari na sodiamu zinafanya kazi upande wa pili: chumvi inafika tena kwenye makula densa, mshipa wa kuingizia unarudi ukubwa wake. Kwa hiyo hakuna mgongano. Dawa inayolinda glomeruli iliyojaa kupita kiasi ndiyo hiyo hiyo inayoikwamisha ile iliyokauka.

Muuguzi wa Zamu

Sina la kuongeza hapo ila pongezi.

Kuna mmoja sijamtaja, naye ni moyo. Wengi wanaujua kama pampu tu. Mwaka 1981, nchini Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walichukua majimaji ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine, na panya hao wakatoa mkojo mwingi wenye sodiamu nyingi. Moyo ni tezi! Vyumba hivyo vikivutwa na damu iliyozidi, vinatoa homoni, peptidi ya atiria, inayofika figo na kulegeza mshipa wa kuingizia huku ikiukaza kidogo wa kutolea. Weka hilo kwenye mpira wako: umefungua bomba, umeminya mwisho. Uchujaji unapanda. Wakati huo huo inazuia renini na aldosteroni. Yaani moyo ukielemewa una njia ya kuiambia figo, nipunguzie.

Mwaka huo huo wa 1981 ndio kaptoprili, dawa ya kwanza ya kumeza ya kundi la akina enalaprili, ilipoidhinishwa Marekani. Njia yake ilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaka. Sérgio Ferreira aligundua kwamba sumu hiyo ina peptidi zinazoongeza nguvu ya bradikinini, kitu kinacholegeza mishipa, na baadaye ikaonekana zinazuia pia kimeng'enya cha angiotensini. Cushman na Ondetti wakatengeneza kidonge kwa kufuata umbo hilo.

Msomaji Mtulivu

La mwisho kwangu. Tunaambiwa tunywe maji mengi sana ili figo zichuje vizuri. Kwa hesabu zako za lita 180, lita mbili za ziada zinafanya nini?

Muuguzi wa Zamu

Kwenye uchujaji wa mtu mzima wa afya, karibu hakuna kitu. Ukinywa maji mengi, ubongo unapunguza vasopresini, homoni inayoiambia figo ibakize maji, na mwisho wa mirija unaacha maji yapite. Mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Chujio lenyewe linaendelea na mililita zake 125. Maji yana faida, hasa kwa mwenye historia ya mawe kwenye figo au aliyepoteza maji. Lakini hayasafishi chujio kama mtu anavyosuuza kikombe, na kuna wagonjwa wa moyo na wa figo ambao kiasi cha maji wamepangiwa, hao wakilazimishwa kunywa wanaumia.

Bi Tulizo

Na mama je? Hujatuambia aliendeleaje. Alirudishiwa kile kidonge cha presha?

Muuguzi wa Zamu

Alirudishiwa, Bi.

Siku ya kwanza walisimamisha dawa zote tatu, wakamwekea maji ya mshipa. Usiku ule nilikaa pembeni ya kitanda nikiangalia mfuko wa mkojo. Saa nane usiku kulikuwa na mililita 40, rangi nzito. Saa kumi na moja alfajiri, 150. Nikajua mshipa umefunguka. Siku ya tano kreatinini ilikuwa 140, siku ya kumi na mbili 94. Hakuhitaji mashine ya kusafisha damu. Wapo wanaofika wakiwa wamechelewa, figo imekaa bila damu hadi mirija yenyewe imekufa, na hao safari yao ni nyingine kabisa.

Baada ya wiki tatu daktari alimrudishia enalaprili kwa nusu ya dozi, akaagiza kipimo baada ya wiki mbili. Kikaja 103. Mama akaogopa kuona imepanda, nikamchorea mpira wa maji nyuma ya karatasi hiyo hiyo ya majibu: mshipa wa kutolea umelegea, shinikizo limeshuka kidogo, kreatinini imepanda kidogo. Ikipanda hadi asilimia 30 huwa tunaivumilia na kuangalia; yake haikufika hata 10.

Akaitazama ile michoro muda mrefu, akauliza, "Sasa ile ya magoti ilibana wapi?" Nikamwonyesha. Akachukua kalamu akaweka alama ya mkasi pale, kabla ya vitundu. Karatasi ameibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa.